Tetka Wawili na Barua Namba 117

Bi. Stamenka Ranđelović ameitumikia shule yetu ya msingi ya Podvrelac kwa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi. Alianza Jumatatu, tarehe 20 Februari 1989, theluji ikiwa imefika magotini, na anastaafu leo, Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa alasiri. Kwa muda wote huo jalada lake la utumishi lilikuwa safi. Nasema lilikuwa, kwa sababu tangu Ijumaa iliyopita limeingia karatasi moja isiyostahili kuwamo, yaani barua ya onyo, na masijala inalifunga jalada hilo leo, saa tisa hiyohiyo. Kwa hiyo wasifu huu una haraka kidogo, na mtanisamehe nikirukaruka miaka ya tisini.

Hakuna anayemwita Stamenka. Tunamwita Tetka, yaani shangazi, kama watoto wa nchi hii wanavyomwita mama anayefagia shule, anayepiga kengele na anayewafunga kamba za viatu. Tofauti ni kwamba Tetka wetu huwafunga na walimu. Mwalimu mmoja wa historia, sitamtaja kwa kuwa amekaa safu ya mbele, alivaa viatu viwili visivyofanana siku ya ukaguzi. Tetka akampa vya marehemu mumewe, vikubwa kwa namba tatu. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu huyo anatembea darasani kwa utulivu wa kupigiwa mfano.

Wakati shule ilipokuwa ikipashwa moto kwa makaa, Tetka ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri kuliwasha tanuri, na ndiye aliyeandika joto la kila siku katika daftari lake la mirabaraba. Tanuri liliondolewa, daftari likabaki. Humo aliandika theluji ilipoanguka, bomba lilipopasuka na nani alivunja kioo gani. Meya wetu, ambaye tunamkaribisha kwa heshima zote, yumo: dirisha la maktaba, Aprili 1994, mpira, alikimbilia upande wa kanisa. Tetka hajawahi kumdai kioo hicho. Anamkumbusha tu kila uchaguzi.

Kuhusu kengele, walimu wa hesabu wanadai kwamba miaka yote hiyo alikuwa akikatisha vipindi vyao dakika tatu kabla ya wakati. Tulifanya uchunguzi. Ni kweli. Alipoulizwa, alijibu kwamba husikiliza mlangoni kwanza, na akisikia darasa zima limenyamaza kwa usingizi hupiga, maana kuwaacha ni dhambi.

Haya, sasa tuje kwenye Wi-Fi, maana huko ndiko barua ilikotokea.

Mwaka 2020, masomo yalipohamia majumbani, tuliletewa kifaa cha mtandao kikafungwa ghorofani, katika chumba cha kompyuta. Kilikuja na jina la herufi na tarakimu kumi na sita zisizotamkika. Mwalimu Jasmina, anayefundisha fizikia na kompyuta, akasema jina hilo halifai. “Mkikwama hapa shuleni mnamwita nani?” alituuliza. Tukajibu kwa pamoja, na yeye akaandika TETKA, kwa herufi kubwa. Mwenye jina alikuwa akifuta vumbi kando yetu. “Vizuri sana,” akasema. “Miguu imechoka, sasa nitakuwa napita ukutani.”

Tangu hapo shule ilianza kusema mambo ambayo mgeni angeyasikia angeita polisi. “Tetka yupo?” “Yupo, lakini hana nguvu.” “Tetka kazimika tena.” “Mchomoe, hesabu hadi kumi, mchomeke.” Na kutoka ukumbini, nyuma ya ndoo, sauti iliyo hai kabisa: “Anichomoe nani? Njoo huku unichomoe, tuone!” Mwaka 2022 simu ya Mkuu wetu wa shule, Bwana Ljubinko Mitić, ilikataa mtandao, naye Jasmina akamwelekeza kutoka mlangoni. “Bonyeza jina la Tetka, Mkuu. Sasa bonyeza palipoandikwa Sahau.” “Nimsahau Tetka?” “Msahau kabisa, halafu utamkumbuka upya.” Tetka alikuwa juu ya ngazi akisafisha dirisha la ofisi hiyohiyo. “Kumbe ni kidole kimoja tu,” alisema. “Na mimi nilidhani mtanifanyia angalau sherehe.” Mkuu aliona haya hadi masikio.

Kifaa cha ghorofani hakikufika vizuri vyumba vya chini, kwa hiyo vuli ya mwaka 2023 tulipata cha pili, cha ukumbi wa chini. Jasmina alikuwa mjini Niš kwenye semina. Akaelekeza kwa simu: kipewe jina lilelile, kwa herufi kubwa, na neno la siri lilelile, ambalo ni tarakimu tupu. Akapatikana mtu mmoja wa nyumba hii, mwenye kujiamini kuliko ujuzi, akakifunga peke yake kwa dakika ishirini. Kikafanya kazi, na tukampigia makofi. Mtu huyo nitamtaja, msiwe na wasiwasi.

Januari mwaka huu Mkuu akapata laptopu mpya. Jasmina aliiandaa ghorofani, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kuunganisha mtandao yenyewe kila iwashwapo, akaishusha ofisini, na hapo ndipo mikosi ilipoanza. Mkuu ana utaratibu wake wa asubuhi. Anawasha laptopu, anaweka birika dogo la kahawa juu ya jiko la umeme, na povu likipanda anataka mtandao uwe umeshakaa unamsubiri. Siku nyingine ulikuwapo. Siku nyingine laptopu iliwaka vizuri, ikasalimia, na mtandao hakuna. Mkuu alilazimika kufungua orodha, kumbonyeza Tetka aliye juu kabisa, na mara moja kila kitu kikaenda.

Mtu mwenye roho nyepesi angebonyeza akaendelea na kahawa yake. Mkuu wetu ni mtu wa kanuni. “Kuna tiki au hakuna tiki?” alikuwa akiuliza, na sisi tukijipanga nyuma ya kiti chake kama madaktari. Tiki ilikuwapo. “Imeandikwa ‘yenyewe’ au haikuandikwa?” Imeandikwa. “Basi mbona mimi ndiye yenyewe?”

Jasmina alijaribu kila alichokijua. Aliizima na kuiwasha, akasasisha programu, akaondoa ule uwashaji wa haraka unaodaiwa kuiamsha mashine kabla ya viungo vyake, akapanda nayo chumba cha kompyuta na kuufuta mtandao na kuuandika upya. Huko juu ilikamata mara kumi kwa kumi. Akiishusha, kesho yake inagoma. Alisema inamkumbusha mama mkwe wake, ambaye maumivu yake hupona mlangoni kwa daktari. Mimi nilishauri meza igeuzwe iangalie dirisha, na ikageuzwa, ikawa Mkuu anapigwa na jua usoni na mtandao hauji.

Tarehe 13 Machi mambo yakaharibika. Mkuu alikuwa na mkutano wa video na idara ya elimu ya mkoa kuhusu paa la ukumbi wa michezo. Aliwasha, akaona nyuso za wenzake kwenye skrini, akavaa tai, akakaa wima. Kwa dakika ishirini alitikisa kichwa kwa heshima, akaandika maelezo, mara moja hata akacheka. Kumbe ilikuwa picha tu ya mwaliko, isiyosogea. Mtandao haukuwa umeunganika hata kidogo, na paa likaenda kwa shule nyingine.

Lazima mtu alaumiwe, na mtu alikuwa karibu. Kifaa cha chini kimechomekwa kwenye soketi ya ukumbini ambapo Tetka huchomeka mashine yake ya kufyonza vumbi. Zaidi ya hayo kulikuwa na kesi ya zamani: Septemba mwaka jana Tetka alikichomoa kweli, akachomeka jiko la kuchomea pilipili hoho, akatupikia ajvar, rojo la pilipili hizo, chupa arobaini. Basi mchana uleule wa mkutano, Mkuu aliandika barua ya onyo “kwa kuchomoa mara kwa mara, kwa uzembe, vifaa vya mtandao”, karani wa masijala akaigonga mhuri, akaipa namba 117, na Tetka akaitwa kutia sahihi.

“Nilichomoa siku moja, Mkuu,” alisema, “na pilipili ulizila wewe, chupa sita. Siku nyingine sijagusa. Sitii sahihi.”

“Tetka, mashine haina ugomvi na mimi. Mtu ndiye anachomoa.”

“Basi nipe wiki tatu nikuoneshe huyo mtu. Nisipomwona, nasaini na mikono miwili. Mimi sijaandikiwa barua tangu nianze kazi, Mkuu. Sitaki kuondoka hapa naitwa mzembe.”

Mkuu, ambaye ni mkali lakini si mbaya, akampa wiki tatu. Tulimwonea huruma. Hana kompyuta, na simu yake ni ya kufunua, ile yenye vitufe vinavyosikika hadi barabarani. Jasmina alijitolea kumsaidia, Tetka akakataa. Alisema fundi anatazama ndani ya mashine, na ndani wameshatazama wote. Yeye angetazama nje.

Tangu Jumatatu, tarehe 17 Machi, kila asubuhi alisimama mlangoni kwa Mkuu na ndoo yake. “Habari za asubuhi, Mkuu. Leo nimekuja?” “Umekuja.” “Asante.” Akaandika. Kesho yake: “Nimekuja?” “Hujaja.” Akaandika. Hakuandika hilo tu. Aliandika mvua, aliandika nani alifika wa kwanza, aliandika milango. Tulimcheka chumba cha walimu. Mimi nilicheka zaidi, na hilo nalo liandikwe.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili, alitusomea daftari ofisini. Tulikuwa Mkuu, Jasmina na mimi, niliyeitwa kama mwakilishi wa wafanyakazi. Siku kumi na tano za kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yeye hupiga deki ngazi, na ili zikauke huuacha wazi ule mlango mzito wa chuma uliowekwa kuzuia moto usipande ghorofani. Siku hizo tisa laptopu ilikamata yenyewe mara nane. Siku moja iliyobaki, Mkuu alikuwa amefunga hata mlango wa ofisi yake. Jumanne na Alhamisi mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Siku hizo sita haikukamata hata mara moja.

“Na nani huufunga?” Jasmina aliuliza.

“Mwenye shingo,” alisema Tetka.

Sote tukamtazama Mkuu, ambaye alikuwa na skafu, na ilikuwa Aprili. Kwetu upepo unaopita kati ya mlango na dirisha ndio baba wa maradhi yote. Jino, mgongo, masikio, ndoa kuvunjika, vyote ni upepo huo. Mkuu wetu hawezi kuuona mlango wazi bila kuufunga, isipokuwa deki ikiwa bado mbichi.

“Kwa hiyo unaniambia,” Mkuu alisema polepole, “ukipiga deki mtandao unakuja?”

“Sikuambii mimi. Daftari linasema.”

“Tetka, mtandao hauji kwa maji na sabuni!”

Lakini Jasmina alikuwa amekwisha kuinuka. Mlango wa chuma huzuia mawimbi ya kifaa cha ghorofani, alisema, hilo linaeleweka. Kisichoeleweka ni kwa nini laptopu ing'ang'anie cha ghorofani wakati cha chini kiko hatua nne kutoka kwenye kiti cha Mkuu, na majina ni yaleyale. Akafungua orodha ya mitandao ambayo laptopu inaikumbuka. Mkuu akapiga meza. “Tiki! Hiyo hapo, kwenye Tetka! Nimesema tangu Januari!”

Tetka alivaa miwani, akaiinamia skrini. “Na huyu mwingine?”

“Mwingine yupi?”

“Wako Tetka wawili hapa. Mimi niko mmoja. Huyu wa pili mlimwajiri lini?”

Mkuu akacheka. Akamweleza kwa upole kwamba mmoja ni kifaa cha juu na mwingine cha chini, jina moja, hakuna cha ajabu. Tetka hakuinua kichwa. Kwa miaka thelathini na sita amepanga misumari ya makoti ya watoto kwa alfabeti, na jicho lake halipiti juu ya kitu kilichotundikwa mahali pasipo pake. “Hii orodha imepangwa,” alisema. “Hoteli, mkahawa, halafu shemeji yako, naona unakwenda kwake sana. Tetka wa kwanza yuko kabla ya Zvezda, lile duka la mkate, sawa. Tetka wa pili yuko chini ya Zvezda. Herufi ya T imekwenda kufanya nini nyuma ya Z?” Akavua miwani. “T huja nyuma ya Z kwa Kisirili tu.”

Jasmina akaweka mkono mdomoni.

Sisi tunaiandika lugha yetu kwa alfabeti mbili, ya Kisirili na ya Kilatini, na tunagombana juu yake tangu tuzaliwe. Herufi nyingi ni tofauti. Lakini T, E, K na A zina sura ileile kotekote. TETKA wa Kisirili na TETKA wa Kilatini ni neno moja kwa jicho lolote la binadamu. Kwa kompyuta ni watu wawili wasiojuana, kila mmoja na mama yake. Kifaa cha juu kiliandikwa kwa Kilatini, cha chini kwa Kisirili. Laptopu, iliyozaliwa ghorofani, kila asubuhi ilimtafuta yule iliyemjua, na mlango ukifungwa haikumwona. Tiki tuliyokuwa sote tukiikagua ilikuwa ya Tetka wa juu. Tetka wa chini, aliyekuwa akibonyezwa na Mkuu kila siku, hakuwa na tiki hata moja. Angeitwa Stamenka kosa lingeonekana siku ileile, maana S na N za Kisirili haziwezi kujificha.

Jasmina akaweka tiki ya pili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

“Nani,” Mkuu aliuliza, “aliandika cha chini?”

Mimi nilikuwa nikitazama dirishani. Kulikuwa na mti. Jasmina alijaribu kukumbuka nani alifunga kifaa, akasema alikuwa Niš, fundi fulani labda. Tetka alinitazama, si kwa muda mrefu. “Pengine mashine yenyewe, Mkuu,” alisema. “Mashine za siku hizi zina akili zake.”

Kesho yake, Jumanne, mlango wa chuma umefungwa, ofisi imefungwa, skafu iko shingoni, laptopu ilikamata kabla povu la kahawa halijapanda. Mkuu alitoka hadi ukumbini akambusu Tetka mashavuni mara tatu mbele ya darasa la nne. Akaomba radhi kwa sauti, na hilo lilimgharimu, na tunamheshimu kwa hilo. Kuhusu barua, karani wa masijala alisema barua yenye namba na mhuri haifutiki, lazima iwe na mwenyewe. “Basi itamngoja mwenyewe,” Mkuu akasema. “Hata miaka kumi. Nikimjua nani aliyeninyima paa, inaingia kwenye jalada lake siku hiyohiyo.”

Na mwenyewe akanyamaza. Aprili yote, Mei yote, Juni karibu yote alikunywa kahawa ya Tetka kila asubuhi, akala mkate wake wa jibini, akazungumza habari za hali ya hewa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba pia hukuomba sukari.

Ijumaa iliyopita karani alikuwa anafunga daftari la mwaka. Mkaguzi atakuja Julai, na namba 117 haikuwa na mtu. Mkuu akatangaza kwamba jina lisipopatikana hadi saa sita, walimu wote watagawana onyo. Saa tano na nusu Tetka aliingia masijala, akaomba kalamu, akatia sahihi, maana barua ilikuwa bado ina jina lake. Karani aliniambia baada ya saa nzima, akilia.

Nilimkuta kwenye stoo yake. “Tetka, umefanya nini?”

“Nimefunga mlango, Mwalimu. Kulikuwa na upepo.”

“Lakini si wewe!”

“Najua si mimi. Mwandiko wako nimeufuta ubaoni miaka ishirini na miwili, nitashindwa kuujua? Nani mwingine humu ndani analiandikia hata kopo la mafuta kwa Kisirili?” Akaendelea kukunja matambara. “Mimi natoka Jumatatu. Hilo onyo linionye nini, nisipige deki kwangu? Wewe umeomba cheo cha mwalimu mshauri, una miaka kumi na mmoja mbele. Barua ingekukalia.”

Nilisema sikubali. Alisema imeshasainiwa. Kisha akaanza kufuta ndoo iliyokuwa imekwisha kukauka, akaifuta tena. Ilimuuma. Msimsikilize anavyotania. Alilitaka jalada lile lifungwe safi, alikuwa amesema hivyo tangu Machi, na kitu pekee alichotuomba katika miaka thelathini na sita akakitoa kwa mtu aliyemcheka chumba cha walimu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo nilivyomtendea. Nimeona aibu siku tatu, na naona aibu ninapoandika.

Nikamwuliza karani barua inatokaje jaladani. Akasema inatoka kwa tamko la Mkuu, la mdomo, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, likiandikwa papo hapo. Nikamwomba aje leo na daftari lake.

Kwa desturi ya shule yetu, wasifu wa mstaafu husomwa kwa sauti na Mkuu wa shule. Na kwa desturi ya Mkuu wetu, huwa hausomi mapema, maana anasema maneno mazuri yakishasomwa hupoa. Kwa hiyo, Bwana Ljubinko, sauti wanayoisikia wote humu ni yako. Umesoma vizuri hadi hapa. Usikohoe, usitafute maji, na mlango uache kama ulivyo. Sasa soma sentensi inayofuata polepole, kwa sababu karani anaandika.

Mimi, Ljubinko Mitić, Mkuu wa shule ya msingi ya Podvrelac, natamka mbele ya mashahidi wote waliokaa hapa, akiwemo meya, kwamba barua ya onyo namba 117 inatoka sasa hivi katika jalada la Bi. Stamenka Ranđelović, ambalo linafungwa likiwa safi, na inaingia katika jalada la aliyestahili tangu mwanzo, ambaye jina lake liko chini ya ukurasa huu.

Ahsante, Mkuu. Umekwisha kulisema, na limeandikwa.

Tetka, umetuwashia moto, umetupigia kengele, umetufunga viatu na umetubeba. Nasi tunakuombea asubuhi za kulala hadi jua likuchoke, bustani yenye pilipili nyingi, wajukuu wenye kelele na afya ya kuwafukuza. Nenda kwa heri na jina lako zima, kwa alfabeti yoyote utakayopenda.

Tihomir Arsić,
mwalimu wa lugha,
mwenye barua namba 117.